Akiba Huoza: Historia ya Kufunika Majani ya Ng'ombe

Wahenga wetu walinena kwamba akiba haiozi. Usemi huo ni wa kweli kwa mtu awekaye fedha, au nafaka kavu, au maarifa kichwani mwake. Walakini mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aujua ukweli wa namna nyingine. Akiba yake ni majani mabichi, na majani mabichi huoza upesi. Wakati wa masika majani humea tele kuliko ng'ombe awezavyo kula. Kisha huja kiangazi, malisho yakakauka, ng'ombe wakakonda, na maziwa yakapungua wakati ule ule bei yake inapopanda. Basi mfugaji huyo husimama mbele ya zizi lake akikumbuka majani ya miezi minne iliyopita kama mtu akumbukavyo ndoto.

Tangu zamani watu walijua dawa moja ya shida hiyo, nayo ni kuanika majani juani mpaka yawe makavu, kisha kuyaweka ghalani. Lakini majani hustawi wakati wa mvua, na mvua ndiyo adui ya kuanika. Dawa ya pili haikuenea katika nchi nyingi ila katika karne ya 19, nayo ni kuyavundika majani yakiwa bado na maji yake, mahali pasipopita hewa, mpaka yachachuke na kukaa bila kuoza. Chakula hicho ndicho kiitwacho sileji. Katika insha hii twataka kusimulia jinsi watu walivyojifunza kukitengeneza, na hasa jambo moja ambalo kwa muda mrefu lilidharauliwa kwa kuwa ni jepesi mno machoni: kifuniko. Maana ukiichunguza vema historia ya sileji, utaona kwamba kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliotafuta kifuniko.

Wazo la kuvundika si geni kwetu. Mama zetu hufukia mkungu wa ndizi shimoni, au huufunika kwa majani makavu na magunia, ili ndizi zipate kuiva pamoja. Ndizi huiva kwa njia yake, na majani ya ng'ombe huchachuka kwa njia nyingine. Lakini katika kazi zote mbili mtu aliyefunika vibaya hujuta siku ya kufunua.

Hata mashimo ya kuwekea nafaka ni ya kale sana. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Marcus Terentius Varro, aliyeandika kitabu chake cha ukulima mwaka 37 kabla ya kuzaliwa Kristo, alieleza kwamba katika nchi nyingine watu huweka ngano katika mashimo chini ya ardhi, na kwamba ngano iliyofungiwa mahali pasipofika hewa yaweza kukaa miaka 50, na mtama mdogo zaidi ya miaka 100. Tena aliwaonya wakulima wasiingie shimoni mara tu baada ya kulifungua, kwa sababu wako watu waliokosa pumzi wakafa humo. Varro hakujua habari za oksijeni, wala hakuna mtu wa siku zake aliyezijua. Lakini alikuwa ameona mambo mawili yaliyo kweli hata leo: hewa huharibu akiba, na hewa iliyofungiwa pamoja na mimea yenye uhai hugeuka kuwa ya hatari.

Kutoka nafaka kavu mpaka majani mabichi ni safari ndefu. Katika karne ya 19 palikuwa na mtu mmoja wa Stuttgart, katika nchi ya Ujerumani, aitwaye Adolf Reihlen, ambaye alikuwa na kiwanda cha sukari. Sukari hiyo hutolewa katika mizizi ya bitiruti, na kila mavuno huacha majani mengi ya bitiruti na makapi yaliyokamuliwa. Reihlen alizoea kuyafukia mabaki hayo katika mahandaki na kuyafunika kwa udongo, ili awalishe ng'ombe wakati wa baridi. Katika miaka ya 1860 akajaribu kufanya vivyo hivyo na mabua mabichi ya mahindi ambayo baridi ilikuwa imeyapata kabla ya kukomaa, na alipofukua akayakuta yamechachuka vizuri, na ng'ombe wakayala kwa hamu. Alizitangaza habari zake katika magazeti ya wakulima, na mwaka 1870 habari hizo zikafika Ufaransa.

Huko Ufaransa alikuwako mkulima mwingine aliyekuwa akihangaika na jambo hilo hilo. Jina lake Auguste Goffart, na shamba lake liliitwa Burtin, katika jimbo la Sologne, nchi yenye ardhi duni na maji yaliyotuama. Tangu mwaka 1852 Goffart alijaribu kuhifadhi majani mabichi katika mashimo yaliyojengewa kuta, na kwa muda wa miaka mingi aliharibikiwa mara nyingi kuliko alivyofaulu. Mwingine angalikata tamaa; yeye aliendelea kuandika aliyoyaona na kubadili jambo moja baada ya jingine. Mwaka 1877 akatoa kitabu chake juu ya kulima na kuvundika mahindi na majani mengine mabichi, na kwa sababu ya kitabu hicho watu wengi wamemwita baba wa sileji.

Je, Goffart alivumbua nini hasa? Hakuvumbua shimo, kwa kuwa mashimo yalikuwapo. Alijifunza kwamba majani yafaa yakatwe vipande vidogo, ili yashindiliwe na hewa isipate nafasi kati yake. Kisha akajifunza jambo kubwa zaidi. Majani yaliyomo shimoni hayakai mahali pamoja. Kila siku hushuka kidogo kwa uzito wake. Kifuniko cha udongo mkavu hakishuki sawasawa, bali hupasuka nyufa, na kwa ufa ule hewa huingia. Basi Goffart aliweka mbao juu ya majani, na juu ya mbao akapanga mawe mazito, ili kifuniko kishuke pamoja na majani na kuyakandamiza daima. Kwa maneno mengine, alitambua kwamba kifuniko si paa la nyumba lililoinuliwa juu ya vitu. Kifuniko yafaa kilale juu ya akiba kama blanketi mwilini.

Yafaa tukumbuke kwamba mwaka 1857, katika nchi hiyo hiyo ya Ufaransa, Louis Pasteur alionyesha kwamba maziwa hayachachi yenyewe, ila kwa kazi ya vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Leo twajua kwamba kazi ya shimoni ni ya jamaa za vijidudu hao. Majani yakifungiwa, kwanza hupumua yenyewe na kuimaliza hewa iliyosalia. Ndipo vijidudu wasiohitaji hewa wanapoanza kula sukari ya majani na kuigeuza kuwa tindikali, ile ile iliyomo katika maziwa lala. Tindikali ikizidi, vijidudu wa kuozesha hushindwa, na mwishowe hata hao walioitengeneza hutulia. Hapo majani huweza kukaa mwaka mzima na zaidi, maadamu hewa haikurudi.

Lakini hewa ikirudi, mambo hupinduka. Hamira zilizokuwa zimelala huamka na kuila ile tindikali, majani hupata joto, na ulinzi wake ukiisha kuliwa, huja kuvu za rangi nyeupe, kijani na buluu, mpaka chakula kikawa samadi.

Habari za Goffart zilivuka bahari upesi. Mwaka 1879 kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiingereza huko New York, na mwaka 1880 John Bailey wa Billerica, katika jimbo la Massachusetts, alitoa kitabu cha kwake akiwasifia Wamarekani sileji kwa maneno ya moto. Kabla ya hapo, mwaka 1873, Fred Hatch wa Illinois alijenga ndani ya ghala la baba yake chumba kirefu cha kwenda juu cha kutilia mahindi mabichi, na chumba hicho husemwa kuwa ndicho mnara wa kwanza wa sileji katika Marekani. Hata hivyo watu hawakukimbilia jambo hilo jipya. Mwaka 1882, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipokusanya ushuhuda wa watu waliokuwa na sileji, ilipata wapatao 90 tu katika nchi nzima.

Mashaka yao hayakuwa ya kijinga. Wengine waliogopa kwamba chakula kichachu kitang'oa meno ya ng'ombe au kuharibu matumbo yao, na hofu hizo zilikuwa za bure. Walakini viwanda kadhaa vya kutengeneza maziwa mazito ya makopo vilikataa maziwa ya ng'ombe waliolishwa sileji, na katika hili palikuwa na sababu. Sileji iliyofunikwa vibaya, au iliyochafuliwa na udongo, hunuka, na vijidudu wake wabaya huweza kufika katika maziwa. Hata leo sheria za jibini mashuhuri kama Parmigiano-Reggiano ya Italia na Emmentaler ya Uswisi haziruhusu ng'ombe kulishwa sileji, kwa kuwa mbegu za vijidudu fulani hutia mapovu na kupasua jibini linapokomaa. Basi tangu mwanzo swali halikuwa kama ng'ombe watakula tu. Lilikuwa kama mnywaji wa maziwa ataweza kumwamini mfugaji.

Minara ya kwanza ilijengwa kwa pembe nne, kama nyumba. Franklin King, mwalimu wa mambo ya ukulima katika jimbo la Wisconsin, alizunguka akichunguza sileji za wakulima, akaona kwamba mara kwa mara uozo ulikuwa katika pembe. Majani hayakushindiliwa vizuri pembeni, na kuta za mbao zilijipinda zikaacha nafasi ya hewa. Mwaka 1891 alitoa maelezo ya kujenga mnara wa mviringo usio na pembe, na ndiyo maana minara iliyoonekana baadaye katika mashamba ya Marekani ilikuwa ya mviringo. Mnara ulikuwa na faida moja kubwa zaidi: akiba yake ilikuwa ndefu kwenda chini lakini uso wake wa juu ulikuwa mdogo. Kwa hiyo wakulima wengi hawakujishughulisha sana na kifuniko. Walitandaza majani makavu yaliyolowa maji, au vumbi la mbao, au walipanda shayiri juu ya sileji ili mizizi yake isokotane iwe kama mkeka. Kilichooza juu walikitupa, wakaona ni ushuru mdogo.

Watu wengine walidhani kwamba ufunguo si kifuniko bali ni joto. Katika miaka ya 1880, Mwingereza George Fry alifundisha kwamba majani yaachwe kwanza yapate moto mwingi kabla ya kufungwa, ili sileji iwe tamu isiwe chachu. Sileji ile ilinukia vizuri kama tumbaku, na ng'ombe waliipenda; lakini moto huo ulitoka wapi? Ulitoka katika chakula chenyewe kilichokuwa kikiungua polepole kwa hewa, na protini iliyobaki ilikuwa ngumu kwa ng'ombe kuifaidi. Harufu nzuri ilikuwa harufu ya hasara. Jambo hili yafaa vijana walitie moyoni: pua na ulimi si mizani.

Mtu mwingine alitafuta njia ya tindikali. Artturi Ilmari Virtanen alikuwa mwanakemia wa Finland, nchi ya kiangazi kifupi na baridi ndefu, ambako ng'ombe hukaa zizini miezi mingi. Katika miaka ya 1920 alifikiri hivi: ikiwa tindikali ndiyo ilindayo majani, kwa nini tungoje vijidudu waitengeneze? Akachanganya tindikali kali zilizopunguzwa nguvu kwa maji, akazinyunyiza juu ya majani mabichi wakati wa kuyafungia, mpaka kipimo cha pH kikashuka chini ya 4. Majani yalitulia upesi, na ubora wake haukupungua sana. Njia hiyo iliitwa AIV, kwa herufi za kwanza za majina yake, na mwaka 1945 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Hata yeye hakuliondoa tatizo la juu. Majani yaliyotiwa tindikali huhitaji kifuniko, kwa maana hewa hupita juu ya hekima ya kila mtu.

Kifuniko kilichotafutwa kwa muda mrefu kilizaliwa kwa bahati, mbali na ng'ombe. Mnamo Machi mwaka 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakijaribu kukandamiza gesi kwa nguvu nyingi sana, wakakuta ndani ya chombo chao kitu cheupe kama nta. Kitu hicho kiliitwa polithini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kilitumiwa kufunika nyaya za mitambo ya rada. Vita vilipokwisha, viwanda vilianza kukitengeneza kwa wingi kama karatasi pana na nyembamba isiyopenya maji, ile ambayo wengi wetu huiita nailoni. Katika miaka ya 1950 karatasi hiyo ilifika mashambani.

Faida yake ilikuwa kubwa. Karatasi moja iliweza kufunika handaki refu kwa saa chache, ikalala juu ya majani na kushuka pamoja nayo, kama Goffart alivyotaka miaka 70 iliyotangulia. Tena mkulima hakuhitaji tena kujenga mnara wa gharama. Aliweza kurundika majani kati ya kuta mbili, au hata juu ya ardhi tupu, akayakanyaga kwa trekta, kisha akafunika. Ili upepo usiinue karatasi, wakulima waliilaza magurudumu ya mpira yaliyochakaa, na sura hiyo ya rundo jeusi lililojaa magurudumu imekuwa alama ya mashamba ya Ulaya na Marekani mpaka leo.

Ajabu ni kwamba wakulima wengi hawakufunika. Kazi ya kutandaza karatasi na kubeba magurudumu ilikuwa chafu na ya kuchosha, ikija mwisho wa mavuno watu wote wamechoka. Mkulima alitazama rundo lake baada ya miezi michache, akaona tabaka jeusi la uozo lenye unene wa shubiri moja tu, na chini yake majani mazuri. Akasema moyoni, “Shubiri moja si kitu.” Hapo ndipo jicho lilipomdanganya.

Katika miaka ya 1990, Keith Bolsen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas walipima hasara hiyo kwa hila nyepesi ambayo kila mwanafunzi aweza kuifahamu. Majani yakioza, sukari na protini hugeuka kuwa hewa na maji vikapotea. Lakini madini, ambayo hubaki kama majivu mtu achomapo majani, hayawezi kupotea hewani. Tuchukue mfano. Majani makavu ya kilo 100 yalikuwa na majivu kilo 6. Baada ya kukaa wazi, twachukua kipande cha juu, twakichoma, nasi twaona kwamba sasa katika kila kilo 100 mna majivu kilo 9. Majivu hayakuongezeka, ni chakula kilichopungua. Zile kilo 6 za awali zimekuwa sehemu ya 9 katika 100, maana yake zimebaki kilo 66 na kitu tu za majani. Theluthi moja imekwenda, wala hakuna aliyeiona ikitoka.

Kwa kipimo hicho iligunduliwa kwamba tabaka jembamba la uozo alilolidharau mkulima lilikuwa tabaka nene siku ya kufungia. Sehemu ya juu ya rundo lisilofunikwa iliweza kupoteza theluthi na hata zaidi ya chakula chake, hali rundo lililofunikwa vizuri lilipoteza kidogo zaidi. Mwaka 2000 watafiti wa chuo hicho walitoa habari nyingine: waliwalisha maksai sileji nzuri iliyochanganywa na ile iliyooza ya juu, wakaona kwamba kadiri uozo ulivyozidi ndivyo wanyama walivyokula kidogo na kusaga chakula vibaya, na hata lile tandiko la majani lielealo katika tumbo la kwanza la ng'ombe likabomoka. Basi anayechanganya kibovu na kizuri ili asipate hasara, huiharibu faida ya kile kizuri. Tokea hapo mafundi wameendelea kutafuta. Mwanzoni mwa karne ya 21 zilitokea karatasi mpya zinazozuia oksijeni kuliko polithini ya kawaida, ambayo kwa kweli hupitisha hewa kidogo kidogo.

Sasa tugeukie nchi yetu. Maziwa yamekuwa biashara kubwa katika nyanda za juu za Kenya kwa muda wa karibu miaka 100. Chama cha ushirika cha maziwa cha KCC kilianzishwa Naivasha mwaka 1925, ingawa wakati huo kilikuwa cha walowezi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia wakulima Waafrika njia ya kufuga ng'ombe wa gredi, na baada ya uhuru wafugaji wadogo ndio walioongezeka. Leo mtu mwenye ng'ombe wawili au watatu na shamba la nepia huvundika majani yake katika shimo, au katika mfuko mkubwa wa nailoni, akitia molasi kidogo ili kuwapa vijidudu sukari.

Mtu aweza kufikiri kwamba habari za Kansas hazimhusu mfugaji huyo, kwa kuwa akiba yake ni ndogo. Kweli ni kinyume chake. Tuseme ng'ombe mmoja atapewa kilo 20 za sileji kila siku kwa siku 90 za kiangazi. Atahitaji kilo 1,800. Ikiwa majani yaliyokanyagwa kwa miguu yana uzito wa kilo 500 katika kila mita moja ya ujazo, shimo la mita 4 za ujazo latosha. Shimo kama hilo huenda likawa na kina cha mita 1 tu. Sasa fikiri: rundo la mkulima mkubwa lenye kina cha mita 3 likiharibika sentimita 30 za juu, amepoteza sehemu moja katika kumi. Mfugaji wetu akiharibikiwa na sentimita 30 zile zile, amepoteza karibu theluthi ya akiba yake yote, maana yake ni siku 27 za chakula katika zile 90. Kadiri shimo lilivyo dogo ndivyo kifuniko kilivyo na thamani. Maskini hawezi kumudu tundu ambalo tajiri halihisi.

Tena liko jambo la afya. Baadhi ya kuvu hutoa sumu. Nchi yetu haiwezi kusahau mwaka 2004, ambapo katika wilaya za mashariki zaidi ya watu 100 walikufa kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Ng'ombe alishwapo chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake huweza kutokea katika maziwa ambayo mtoto atayanywa. Kwa hiyo majani yenye kuvu hayafai kupewa ng'ombe, hata kama mwenyewe anaona uchungu kuyatupa.

Kanuni za kufunika ni chache, na kila moja imenunuliwa kwa hasara ya mtu aliyetutangulia. Majani yakatwe mafupi na kushindiliwa kwa nguvu. Kazi ikianza imalizwe upesi, shimo lisiachwe wazi usiku kwa usiku. Juu yarundikwe kama mgongo wa kobe, ili maji ya mvua yateremke. Karatasi ipite kingo zote na ilazwe moja kwa moja juu ya majani, kisha iwekewe udongo au mifuko ya mchanga. Kwa maana magurudumu mazima hukusanya maji, na maji hayo huzaa mbu. Udongo usiguse majani, kwa kuwa huleta wale vijidudu waharibifu. Mfereji uchimbwe kuzunguka shimo. Baada ya hapo karatasi ikaguliwe kila juma. Panya, kuku na mbuzi hawajui gharama yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na katika shimo la sileji tundu la ukubwa wa sarafu laweza kuozesha majani ya debe zima. Siku ya kulisha, shimo lifunguliwe upande mmoja tu, yachukuliwe majani ya siku hiyo, na mdomo ufunikwe tena. Karatasi iliyokwisha kazi ikunjwe na kuwekwa, isitupwe malishoni, maana ng'ombe aliyeimeza huweza kufa kwa kile kile kilichomhifadhia chakula.

Wenye kusoma historia hupenda habari za wafalme na vita, na habari hizo zina mahali pake. Lakini tazameni ni watu wangapi waliofanya kazi ili mfugaji wa Kiambu au wa Nandi apate maziwa mwezi wa Februari: Mrumi aliyeonya watu wasiingie shimoni, Mjerumani mwenye kiwanda cha sukari, Mfaransa aliyeharibikiwa miaka 20 bila kuacha, mwalimu aliyechungulia pembe za minara, Mfini na tindikali zake, Waingereza wawili walioshangaa nta nyeupe, na watu wa Kansas waliohesabu majivu. Wengi wao hawakujuana. Kila mmoja aliikuta kazi pale mwenzake alipoiacha, na kazi iliyobaki ni ya yule atakayeamka asubuhi, baada ya mvua ya usiku, kwenda kutazama kama karatasi bado imelala mahali pake.